Filamu Noir: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Filamu noir ni nini hasa?

Ni kundi la filamu za uhalifu zilizotengenezwa Marekani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, karibu zote zikiwa za rangi nyeusi na nyeupe. Mhusika mkuu si shujaa. Ni wakala wa bima, mpelelezi wa kujitegemea, mwanajeshi aliyerudi vitani, bondia aliyechoka, mke aliyemchoka mumewe. Anaona njia ya mkato isiyo halali, anajua fika ni njia ya namna gani, na anaishika. Filamu iliyobaki ni malipo.

Kofia, mvua na moshi wa sigara huja baada ya hapo. Filamu yenye vivuli vingi ambayo mhusika wake hana doa lolote na anashinda kwa ushujaa wake, kwa kawaida ni filamu ya upelelezi iliyopigwa gizani.

Jina lilitoka wapi?

Ufaransa. Wakati wa utawala wa Wajerumani filamu za Marekani hazikuonyeshwa huko, na vita vilipokwisha ziliingia kwa mkupuo. Mwaka 1946 wakosoaji wa Paris waliona *The Maltese Falcon* (1941), *Double Indemnity*, *Laura* na *Murder, My Sweet* (hizi tatu ni za 1944) karibu kwa pamoja, na mabadiliko ambayo Wamarekani waliyazoea kidogo kidogo yakawashtua. Agosti 1946 mkosoaji Nino Frank akaziita film noir, Kifaransa cha filamu nyeusi. Tayari kulikuwa na Série noire, mfululizo wa riwaya za uhalifu ulioanzishwa na shirika la uchapishaji la Gallimard mwaka 1945, kwa hiyo neno halikuwa geni masikioni. Kitabu kizima juu ya filamu hizi, cha Raymond Borde na Étienne Chaumeton, kilitoka mwaka 1955.

Waliozitengeneza wenyewe hawakulitumia jina hilo. Studio ziliziita melodrama au filamu za uhalifu, basi.

Ni utanzu au ni mtindo?

Ubishi huu hauishi na hauna faida kubwa kwa mtazamaji. Ukisema utanzu, utakwama kwenye filamu za noir zisizo na mpelelezi wala bunduki. Ukisema mtindo wa picha, utakwama kwenye zile zilizopigwa mchana kweupe. Jibu linalofaa kazini: ni mtazamo wa maisha ambao ulipata mtindo wake.

Ilianza lini na ikaisha lini?

Wengi huanza na *Stranger on the Third Floor*, filamu ndogo ya studio ya RKO ya mwaka 1940, na kumalizia na *Touch of Evil* ya Orson Welles ya mwaka 1958. Hiyo ya pili hufunguka kwa mkupuo mmoja wa kamera wa zaidi ya dakika tatu usiokatwa, bomu likiwa ndani ya buti la gari.

Kwa nini giza lote lile?

Kuna sababu tatu zilizokutana. Kwanza, watu. Billy Wilder, Fritz Lang, Robert Siodmak na Edgar G. Ulmer wote walifanya kazi katika sinema ya Ujerumani kabla ya kuhamia Marekani, na shule ile ilikuwa imeshazoea kuonyesha hofu ya mtu kwa kupotosha vivuli na pembe za chumba.

Pili, fedha. Wakati wa vita serikali ya Marekani iliweka kikomo cha dola 5,000 kwa vifaa vipya vya seti kwa kila filamu. Ukuta usiokuwepo haugharimu kitu ikiwa hakuna taa inayoangukia pale ambapo ungekuwepo. *Detour* (1945), iliyotengenezwa na studio fukara ya PRC, ina tukio la watu wawili wakitembea usiku New York. Kinachoonekana ni ukungu, taa ya barabarani na vibao vya majina ya mitaa. Inatosha kabisa.

Tatu, vifaa. Mikanda ya kupigia picha ya Kodak iliyotoka mwaka 1938, Plus-X na Super-XX, ilihitaji mwanga mdogo kuliko ya awali. Mpigapicha aliweza kufanya kazi kwa taa chache na ndogo, na baada ya vita kutoka nje ya studio. *The Naked City* (1948) ilipigwa kwenye mitaa halisi ya New York na ikampatia William Daniels tuzo ya Oscar ya upigaji picha.

Mwanga wa noir hupangwaje?

Mpangilio wa kawaida una taa tatu: taa kuu inayoangaza uso, taa ya kujazia inayolainisha kivuli cha taa kuu, na taa ya nyuma inayomtenga mtu na ukuta. Filamu ya kuchekesha ya miaka ile ilikuwa na uwiano wa karibu 2 kwa 1 kati ya upande wenye mwanga na upande wa kivuli. Noir huanzia 8 kwa 1 kwenda juu. Kila mwanga unapozidi mara mbili ni stopu moja, kwa hiyo 8 kwa 1 ni tofauti ya stopu tatu, na 16 kwa 1 ni stopu nne.

Utaratibu wa kuifikia:

1. Zima kila kitu, pamoja na taa ya dari. Funga pazia. Anza na giza kamili, si na chumba unachojaribu kukipunguza mwanga.
2. Washa taa kuu pembeni mwa mhusika, kati ya nyuzi 45 na 90 kutoka kwenye kamera. Ukiishusha chini ya kidevu, uso unatisha. Tumia mara moja kwenye filamu nzima.
3. Weka taa ya nyuma upande wa pili, juu, nje ya picha, ikilamba bega na nywele.
4. Tazama jicho la upande wa kivuli. Kama linahitaji kuonekana, weka kadibodi nyeupe umbali wa mita moja hivi badala ya taa ya tatu. Kama halihitaji, liache lipotee.

Kinachoharibu mara nyingi ni ukuta mweupe au wa krimu. Mwanga unagonga ukuta, unarudi, na unakuwa taa ya kujazia ambayo hukuiomba. Tundika blanketi jeusi upande wa kivuli. Pia msogeze mhusika mbali na ukuta wa nyuma: mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo mtu aliye mita 1 kutoka kwenye taa anapata mara tisa ya mwanga unaoufikia ukuta ulio mita 3. Hizo ni stopu tatu za giza bila kununua chochote.

John Alton, aliyepiga *T-Men* (1947) na *The Big Combo* (1955), alijulikana kwa kutumia taa chache na kwa haraka kuliko wenzake. Tukio la mwisho la *The Big Combo* ni ukungu, mwanga mkali kwa nyuma, na watu wawili waliobaki kuwa vivuli vitupu.

Nawezaje kupata ile mistari ya vivuli ukutani?

Ile hutokana na blaindi, yale mapazia ya vibao vya mlalo. Ukikosa, kata matundu marefu ya sm 3 kwenye kadibodi, ukiacha sm 3 kati ya tundu na tundu, au tumia dirisha la mbao lenye vibao vya mshazari kama lipo. Tatizo la watu wengi si blaindi, ni taa. Ukingo wa kivuli huwa na ukungu wenye upana huu: upana wa taa, mara umbali wa blaindi hadi ukuta, gawanya kwa umbali wa taa hadi blaindi.

Chukua balbu ya sm 6 iliyo mita 3 nyuma ya blaindi, na ukuta uko sm 50 mbele ya blaindi. Ukungu ni sm 1, na mistari ya sm 3 itasomeka vizuri. Weka pale pale taa yenye kitambaa cha kulainisha ya sm 60: ukungu unakuwa sm 10, na mistari yote inayeyuka kuwa kijivu. Kwa hiyo taa iwe ndogo, iwe mbali, na blaindi iwe karibu na ukuta au na uso.

Taa ndefu ya tyubu inafaa ikiwa imelala sambamba na vibao, maana kinachohesabika hapo ni unene wake. Ukiisimamisha wima, mistari inakufa. Lakini hata ikilala, kivuli cha mtu hakitakuwa na ukingo mkali, kwa hiyo itumie kwa ukuta tu.

Mistari hii imetumika mno. Mara moja au mbili kwenye filamu fupi ni nyingi.

Nina simu tu. Itawezekana?

Ndiyo, ukiinyima simu nafasi ya kuamua. Simu ikiona giza inapandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ili kila kitu kionekane, na vivuli vinajaa chembechembe zinazocheza. Tumia programu ya kamera yenye marekebisho ya mkono na uweke hivi: fremu 25 kwa sekunde, kasi ya shata 1/50, ISO kati ya 100 na 400. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50. Ukiacha simu kwenye fremu 30 na shata 1/60, taa nyingi za nyumbani zitapitisha mikanda ya giza juu ya picha. Zima HDR na hali ya usiku, kwa sababu kazi yake ni kuinua vivuli, yaani kukufutia noir.

Kisha pima kwa sehemu yenye mwanga mkubwa usoni. Paji la uso lisiungue; mengine yaanguke yanakoanguka. Picha ikibaki giza tupu, ongeza nguvu ya taa au isogeze karibu. Usiguse ISO. Noir haipigwi kwenye mwanga hafifu: hupigwa kwa mwanga mkali ulioelekezwa mahali padogo.

Waigizaji wetu ni weusi. Giza halitawameza?

Litawameza ukimpangia mwanga mtu mweusi kwa vipimo vya mtu mweupe, na hilo ndilo kosa la vitabu vingi vya zamani. Ngozi nyeusi husomeka zaidi kwa mng'ao kuliko kwa mwanga unaotawanyika, kwa hiyo unahitaji kitu kikubwa chenye mwanga kinachojiakisi kwenye shavu. Kadibodi nyeupe ya mita 1 kwa mita 1 iliyopigwa taa, ikiwekwa pembeni na nyuma kidogo ya mtu, huchora taya, shavu na bega kwa mstari mmoja safi. Mafuta kidogo ya kupaka kwenye mashavu na paji husaidia mng'ao; poda ya kukausha inauua.

Usimvalishe nguo nyeusi mbele ya ukuta mweusi. Mwage mwanga kidogo ukutani nyuma ya upande wa uso ulio gizani, ili kichwa kijichore chenyewe. Na usiruhusu simu ipime uso peke yake, kwani itaupandisha hadi kijivu cha katikati na ngozi itaonekana kama imepakwa majivu.

Kupiga kwa rangi kisha kuondoa rangi, ni sawa?

Ni sawa, ila usivute tu kitelezi cha rangi hadi sifuri. Programu nyingi za kuhariri zina kichanganyio cha nyeusi na nyeupe kinachokuruhusu kuamua kila rangi iwe kijivu cha namna gani. Kupandisha nyekundu na chungwa hung'arisha ngozi. Kushusha buluu hutia giza anga. Fanya hivyo kwanza, ndipo uongeze utofauti wa mwanga na giza. Ukianza na utofauti, vivuli vinaziba na hakuna cha kuokoa.

Kwa nini barabara huwa imelowa hata pasipo mvua?

Lami kavu usiku ni shimo jeusi. Ikilowa inakuwa kioo: taa moja inaonekana mbili, na nusu ya chini ya picha inapata uhai. Maji ya unene wa milimita moja juu ya mita za mraba 15 ni lita 15, kwa hiyo ndoo ya lita 20 inatosha kipande kidogo cha lami au sakafu ya saruji iliyosuguliwa. Lowesha tena kabla ya kila mkupuo, hasa usiku wa joto. Barabara ya vumbi haing'ai, inakuwa tope tu.

Taa iwe upande wa pili wa maji, ikitazamana na kamera, na kamera iwe chini. Mvua na moshi pia havionekani bila mwanga wa nyuma. Nyaya na viunganishi vya umeme vining'inizwe juu, visilale chini hata dakika moja.

Hadithi ya noir inajengwaje?

Kwa kawaida inaanzia mwishoni. Katika *Double Indemnity* wakala wa bima aliyejeruhiwa anaingia ofisini usiku na kukiri mauaji kwenye mashine ya kurekodi. Ndani ya dakika chache tunajua aliua na hakuambulia chochote. Katika *D.O.A.* (1950) mtu anaingia polisi kuripoti mauaji, na aliyeuawa ni yeye mwenyewe, kwa sumu ambayo bado haijamaliza kazi. Msimulizi wa *Sunset Boulevard* (1950) ni maiti. Kwa hiyo taharuki haitokani na swali la nani alifanya. Inatokana na kumtazama mtu akipita kwenye kila nafasi ya kugeuka na kurudi, na asigeuke.

Kisengerenyuma na sauti ya msimulizi ni vyombo vya kazi hiyo. Sauti hufeli inapoeleza tunachokiona: mtu anapanda ngazi, naye anatuambia anapanda ngazi. Ifanye ijue zaidi ya picha (alichokuwa hajakijua wakati ule) au idanganye, picha ikimsuta. Ukiweza kuifuta sentensi na tukio likaeleweka, ifute.

Mazungumzo ni mafupi na yenye ncha, kila mtu akificha anachotaka. Mhusika akianza kueleza utoto wake kwa aya tatu, umetoka kwenye noir.

Lazima awepo mwanamke mrembo wa hatari?

Hapana. Anajulikana kwa sababu Barbara Stanwyck, Jane Greer na Ava Gardner walimcheza vizuri mno. Wapo wanaomweleza kama hofu ya wanaume waliorudi vitani na kukuta wanawake wamezoea kazi na mshahara wao. Kuna ukweli hapo, lakini riwaya zilizomzaa ziliandikwa kabla ya vita. *Mildred Pierce* (1945) inamweka mama mfanyabiashara katikati, na *The Hitch-Hiker* (1953), iliyoongozwa na Ida Lupino, haina mwanamke wa namna hiyo kabisa.

Akiwepo, mpe shida halisi na akili kuliko mwanamume. Mwanamke ambaye kazi yake ni kuvuta sigara mlangoni ni fanicha.

Kwa nini karibu wote huishia jela au kaburini?

Sehemu ya jibu ni kanuni za maadili za Hollywood, zilizoandikwa mwaka 1930 na kusimamiwa kwa ukali kuanzia 1934 na ofisi ya Joseph Breen; mfumo mwingine ulichukua nafasi yake mwaka 1968. Uhalifu haukuruhusiwa kulipa. Waongozaji wazuri waligeuza amri hiyo kuwa hisia ya hatima. Mfano mkali ni *Scarlet Street* (1945) ya Fritz Lang: anayeuawa kwa kiti cha umeme si aliyeua, na muuaji anabaki huru akiteswa na sauti kichwani mwake. Jimbo la New York liliipiga marufuku kwa muda mwaka 1946.

Muziki ni saksafoni, sivyo?

Sivyo. Noir nyingi za asili zina okestra kamili. Miklós Rózsa ndiye aliyeandika muziki wa *Double Indemnity* na *The Killers* (1946). Saksafoni ya upweke ilizoeleka baadaye, kupitia televisheni na filamu za kukumbukia enzi ile. Tarumbeta ya Miles Davis inayosifiwa sana ni ya filamu ya Kifaransa, *Ascenseur pour l'échafaud*, na ilirekodiwa Paris Desemba 1957.

Je, Bwana Msa ni noir?

Hapana, ingawa swali ni zuri. Mpelelezi wa Mohamed Said Abdulla, tangu *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), anasimama nje ya uovu na kuufumbua kwa akili. Mwishoni fumbo limekwisha na dunia imerudi mahali pake. Mpelelezi wa noir akimaliza kazi anakuwa amechafuka, na mji uko vile vile.

Kwa Afrika, mfano ulio karibu zaidi na noir kamili ni *Viva Riva!* (2010) ya Djo Tunda Wa Munga, ya Kilingala na Kifaransa: Kinshasa haina petroli, kijana anarudi na shehena ya wizi kutoka Angola, anampenda mwanamke wa jambazi. Vipande vyote vipo, na hakuna kilichoazimwa kama pambo.

Noir ya rangi ipo?

Ipo tangu mwanzo. *Leave Her to Heaven* (1945) ilipigwa kwa Technicolor, na mauaji yake mabaya kuliko yote hutokea ziwani, jua likiwaka. *Chinatown* (1974) nayo iko mchana karibu muda wote. Kwa rangi, punguza aina za rangi badala ya kupunguza mwanga.

Nianze na zipi, na nizitazameje?

Anza na *Double Indemnity*, kisha *Out of the Past* (1947), kisha *Detour*, ambayo haifiki dakika 70. Baada ya hapo *Gun Crazy* (1950), kwa ajili ya wizi wa benki uliopigwa kwa mkupuo mmoja kamera ikiwa kiti cha nyuma cha gari.

*Detour*, *D.O.A.*, *Scarlet Street* na *The Hitch-Hiker* hazina tena hakimiliki Marekani, kwa hiyo zipo mtandaoni bure, kwa mfano kwenye Internet Archive. Ubaya wake ni kwamba nakala nyingi zimenakiliwa kutoka nakala ya nakala: nyeusi imekuwa kijivu na nyuso zimeungua. Linganisha mbili tatu kabla ya kutazama. *Detour* ina nakala iliyokarabatiwa mwaka 2018, na tofauti yake na za bure ni kubwa mno.

Picha ni karibu mraba, 1.37 kwa 1, kwa hiyo pembeni mwa televisheni patabaki peusi; usiivute ijae, utakata vichwa au utawanenepesha watu. Kwenye televisheni chagua hali ya sinema badala ya ile ya rangi kali, zima kipengele cha kulainisha mwendo, na zima taa ya chumba, kwa sababu kioo kinachoakisi balbu ya dari huondoa weusi wote ambao mpigapicha aliutafuta.